Mashua iliyokosa maji: wiki moja Nungwi tukingoja kuvuka kwenda Pemba

Jumamosi moja ya Agosti, saa kumi na moja kasorobo jioni, tuliipandisha mashua yetu mchangani Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, maji yakiwa yamejaa pomoni. Tulikuwa wanne, na nia yetu ilikuwa kulala usiku mmoja tu, alfajiri tuvuke kwenda Mkoani, bandari ya Pemba. Tukaja kuondoka Jumamosi ya pili yake. Katika siku sita za katikati, nne tulizuiwa na bahari na mbili tulizuiwa na mashua yenyewe, imekaa juu mchangani kama kibanda cha kahawa huku bahari imetulia na wenzetu wote wanaondoka. Zile nne hazina ajabu. Kila anayesafiri wakati wa kusi anazo zake. Naandika kwa ajili ya zile mbili.

Sote Wapemba, lakini Wapemba wa Chake Chake kwa ndani, watoto wa mikarafuu. Watu wa bara wakisikia Mpemba hudhani kazaliwa na kasia mkononi. Kwa Mkojani, mtu wa kisiwa cha wavuvi cha Kojani, sitabisha. Kwetu sisi bahari ilikuwa ile ya kupanda meli, kutafuta pahala pa kulaza kichwa na kuomba safari iishe. Nahodha wetu, mtoto wa ami yangu, ndiye peke yake aliyekuwa na chumvi mwilini: alivuta jarife, wavu mkubwa, miaka miwili kwenye boti ya watu, lakini usukani aliushika mchana tu, mbele ya macho ya mwenye boti. Wa pili fundi wa pikipiki, tukamkabidhi mashine. Wa tatu kijana wa miaka 19, mdogo wake fundi, aliyekuja kwa kuwa hakuna aliyemkataza. Mimi nilishika fedha na daftari, na ndilo linaloniwezesha kutaja saa na hesabu humu bila kubahatisha.

Mashua ilikuwa ya futi 28, tumeinunua Mkokotoni kwa mzee aliyeacha bahari. Ilikuwa imelala juu tangu masika yaishe. Tanga moja lenye viraka, mashine ndogo ya nguvu za farasi 15, farumi, uzito wa kutuliza chombo, ya mifuko ya mchanga. Ndani tulipakia godoro mbili na kabati la kioo, vyombo vya dada yetu aliyekuwa anaolewa Jumapili ya wiki ile ya pili. Hilo kabati likumbukwe. Kutoka Mkokotoni mpaka Nungwi tulikwenda kwa kinga ya Tumbatu, maji yametandikwa kama mkeka, na tukafika tukiwa tumejipa vyeo vyote vya ubaharia.

Upepo mzuri wa uongo

Kutoka Nungwi mpaka Mkoani ni kama maili 30 za baharini, unaelekeza omo, yaani mbele ya chombo, kaskazini mashariki. Kusi linavuma kutoka kusini na kusini mashariki. Maana yake upepo unakujia ubavuni, nyuma kidogo, upande wa kulia: upepo wa kwenda, hakuna kupiga mbisho, kwenda upande upande kuukabili upepo, tanga linajaa na chombo kinakata maji. Mwanagenzi yeyote akiangalia bendera ya hoteli inavyopepea atasema, twendeni. Sisi tulisema hivyo.

Kasoro yake haionekani ukiwa Nungwi. Pwani ile ya magharibi, penye majahazi, imepewa mgongo na kisiwa kizima cha Unguja, kwa hiyo kusi likivuma hapo chini maji yanabaki ya kitotoni. (Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, pwani hiyohiyo haina wa kuikinga.) Ukishaipita ras, ile ncha ya nchi, kinga inakatika kama umefungua mlango. Baina ya Unguja na Pemba hakuna kitu cha kulizuia wimbi linalotoka bahari kuu. Linaingia lote kwa upana wake, na linakukuta ubavuni. Chini yake kuna mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini mwaka mzima na kuzidi nguvu miezi ya kusi. Mwenye chombo kizito na mashine dhaifu anaweza kuiona Mkoani inapita upande wake wa kulia, mbele yake umebaki mkondo wa Pemba, ule wa baina ya kisiwa na Tanga, wenye kina cha mita 800 hivi. Nanga haifiki huko.

Ni katika maji hayahaya ya Nungwi ilipozama Spice Islander, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa na watu kupita uwezo wake, ikielekea Pemba. Sidhani Pemba kuna mtaa usiokuwa na msiba wa usiku ule. Mama yangu hakutaja jina la meli hata mara moja katika wiki nzima ya kunipigia simu. Alikuwa akiuliza tu, "Mko wapi?" nikimjibu tuko nchi kavu, anasema "Haya," anakata.

Jumapili

Usiku wa kwanza simu zilileta tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, ukanda wote wa pwani pamoja na Unguja na Pemba, mpaka Jumapili usiku. Tukatii bila ubishi, na kwa hilo tusilaumiwe. Lakini tuliisoma tahadhari kama tangazo la kukatika maji: mpaka saa fulani hamna, baada ya hapo yapo. Kumbe tahadhari ikimalizika, upepo ndio unaopungua kwanza. Bahari inabaki na hasira zake siku moja au mbili mbele. Halafu ile mita 2 si urefu wa wimbi kubwa kuliko yote. Watabiri wanaposema hivyo huwa wanazungumzia wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa, na moja moja katikati yake linaweza kukaribia maradufu. Hayo niliyajua baadaye. Jumapili ile nilichojua ni kwamba mashua yetu ina ubao wa kutosha juu ya maji, nilipima kwa mkono.

Tulikwenda kuuliza watu. Hapa nataka kukaa kidogo, maana tuliuliza watu wengi na bado tukauliza vibaya. Tuliwauliza vijana wa boti za wageni, wakatuambia bahari si mbaya, kesho inapitika. Hawakutudanganya. Bahari yao ni ya kutoka asubuhi na kurudi mchana, mashine mbili nyuma, ufuko haupotei machoni, na chombo kikisumbua anapigiwa mwenzake simu. Mtu akikwambia "bahari nzuri," anakwambia nzuri kwa chombo chake na kazi yake. Sisi tulisikia neno "nzuri" tukalichukua nzima nzima.

Aliyeuliza badala ya kujibu ni mzee mmoja fundi wa majahazi. Tulimkuta kivulini anachonga taruma, ubao wa mbavu za chombo, tukampa shikamoo, tukamwambia twangoja upepo upungue tuvuke.

"Nyie mwangoja upepo," alisema, hakuinua macho. "Wenzenu wangoja bahari."

Tulicheka kwa adabu. Nahodha wetu alipofika pembeni akasema wazee wa Nungwi wanapenda mafumbo. Halikuwa fumbo. Ilikuwa maelezo kamili, yametolewa bure.

Jumatatu alfajiri

Tahadhari imekwisha, upepo wa alfajiri umelala. Kusi lina tabia hiyo, usiku linanywea, na mchana jua likipanda linajikusanya upya. Saa kumi na mbili kasorobo maji yalikuwa yamejaa, tukaisukuma mashua ikaelea bila taabu. Hakuna boti nyingine ya tanga iliyotoka. Hilo tuliliona sote, na kila mmoja akalipatia sababu yake: hawa wamelala, hawa hawana haraka, hawa hawana harusi.

Mpaka kwenye ras mambo yalikuwa mazuri kiasi cha fundi wetu kuanza kuimba. Tulipofungua mlango ule, wimbi la kwanza lilitunyanyua polepole, kwa heshima, likatuweka chini. La pili vilevile. La tatu lilitulaza mrama, kabati likateleza likagonga mataruma, na maji yakaingia, si kwa juu ya ubao kama nilivyoogopa, bali katikati ya mbao, kwenye mishono. Mbao za chini zilikuwa zimeshiba maji kwa safari ya Tumbatu, lakini zile za juu, ambazo huguswa na bahari pale tu chombo kinapolala upande, zilikuwa zimekauka miezi kule Mkokotoni. Nyufa zake zilikuwa zinapitisha mwanga. Kila mashua ilipolala, mshono mzima ulikuwa unatoa jasho, halafu unatiririka.

Mashine nayo: kila tezi, nyuma ya chombo, iliponyanyuka, panga lilitoka majini likazunguka tupu, likalia kama pikipiki iliyochomoka mnyororo. Kijana wetu mdogo alikuwa anatapika. Mimi nilifua maji, kuyatoa kwa ndoo, na kwa kuwa nina wazimu wa kuhesabu, nilihesabu: ndoo 40 kwa dakika 20, na ngama, maji ya chini ya chombo, bado inacheza juu ya vifundo vya miguu. Nilisema, turudi. Nahodha akasema wimbi hili ni la hapa mlangoni tu, mbele panatulia. Nikarudia. Fundi akaniunga mkono. Tukageuza.

Kwenda tulitumia dakika 25 kutoka ras. Kurudi ilikuwa saa moja na nusu, upepo na mkondo vyote vinatusukuma nyuma, jua limepanda na kusi limeamka. Hesabu hiyo ndiyo iliyonitia baridi zaidi ya zile ndoo. Tungechelewa kugeuza kwa nusu saa, sijui mashine ingebaki na mafuta kiasi gani tulipoiona Nungwi.

Kila anayesikia kisa hiki husimama hapa na kutikisa kichwa, anasema kosa lenu ni kutoka Jumatatu. Lilikuwa kosa, sikatai, na chanzo chake ni kwamba usiku wa kwanza hatukukaa chini tukasema kwa maneno, tutaondoka kukiwa na hali gani na tutageuza tukiona nini. Kwa kuwa hatukuwa na sharti, kila asubuhi tuliuliza, "leo si inatosha?", na kipimo cha kutosha kilikuwa kinashuka kila siku pamoja na akiba ya mchele. Lakini kosa lile lilijilipa lenyewe: tulitoka, tukaona, tukarudi. Kosa lililotugharimu tulilifanya jioni yake, tukiwa nchi kavu, tumetulia, na kwa nia njema kabisa.

Kuipandisha juu

Chombo kinavuja, dawa yake kalafati, kuziba mishono kwa pamba. Kalafati inataka ubao mkavu. Tukamtafuta kijana fundi, akaja akazunguka mashua, akapitisha kucha kwenye mishono, akasema, "Ipandisheni juu kabisa, nipate pakavu, kesho jioni nimemaliza." Saa kumi na mbili jioni maji yalipojaa tukaipeleka mpaka mwisho wa maji, kisha tukaongeza hatua tatu nne kwa mabega, tukaifunga kwenye mnazi. Siku ile ilikuwa mwezi nne, siku ya nne tangu mwezi uandame. Yule mzee hakuwepo, alikwenda kwenye maziko Mkwajuni.

Kazi ya kalafati ni nzuri kuitazama. Kijana alikuwa anasokota pamba kwa kiganja juu ya paja, anaichovya kwenye sifa, yaani mafuta ya papa, harufu ya ini la papa inatapakaa pwani nzima, kisha anaisindika kwenye mshono kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mwanzo mlio unakuwa mzito, bubu. Pamba ikishajaa mlio unapanda, unakuwa mkali, na hapo ndipo anasogea kidole kimoja mbele. Hakuwa anaangalia, alikuwa anasikiliza. Chini ya mkuku, uti wa mgongo wa chombo, akapaka deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Jumanne jioni pamba ilimwishia, ikabidi isubiriwe kutoka mjini. Jumatano alasiri ndipo alipofunga kazi.

Siku hizo mbili za katikati sina mengi ya kusema. Bao, ugomvi mdogo wa sukari, elfu 18 kwa siku kwa chakula maana Nungwi ni ghali, na simu za kutoka Pemba. Ila simu ndizo zilizoleta jambo moja la maana. Kila aliyepiga aliuliza kabati. Jumatano usiku yule mzee, amesharudi, akatusikia tunabishana kuhusu siku zilizobaki kabla ya harusi.

"Kabati laolewa Jumapili," akasema, "mashua nayo yaolewa lini?"

Tukanyamaza.

"Basi kabati lipande meli. Mashua ibaki na nyinyi."

Alhamisi asubuhi kabati na godoro vilipakiwa garini mpaka Malindi, bandarini mjini Unguja, vikapanda meli, vikapokelewa Mkoani. Nauli iliniuma. Lakini sijaona tena uamuzi mmoja uliobadilisha sura za watu vile. Kumbe siku zote tano hatukuwa tunangoja hali ya hewa, tulikuwa tunagombana na tarehe ya harusi, na tulikuwa tumeifunga tarehe hiyo kwa kamba kwenye chombo. Kama ningetakiwa kumwambia mwanagenzi neno moja kabla hajapakia, ningemuuliza ndani ya chombo kuna nini kinachotakiwa kifike siku fulani. Kishushwe.

Alhamisi, bahari imekubali

Upepo ulikuwa umelegea tangu Jumanne usiku. Alhamisi kabla ya alfajiri nilisikia watu wanatweka nanga gizani. Kulipokucha matanga yalikuwa yanatoka moja baada ya jingine, na jahazi moja la mbao liliipita ras likashika njia ya Pemba, haliyumbi. Bahari tuliyokuwa tunaingoja bila kujua ndiyo hiyo. Mishono imefungwa, kabati liko garini. Tukakimbilia mashua kuisukuma.

Maji yalikuwa yanajaa, na tukasimama kuyangojea. Saa mbili hivi yakafika mwisho wake, yakapumzika, yakaanza kurudi. Kutoka pale yalipoishia mpaka kwenye tezi ya mashua nilipiga hatua 12.

Mtu wa pwani akisoma hapa alishacheka zamani, tangu nilipotaja mwezi nne. Kwa mtu wa mikarafuu kama mimi nitaeleza. Bamvua ni la mwezi mchanga na mwezi mpevu: maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwetu Zanzibar tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4. Katikati yake, mwezi saba, nane, tisa, na tena mwezi 22 na 23, ni maji mafu: yanajaa kidogo, yanapwa kidogo. Urefu wa maji yaliyojaa wakati wa maji mafu unaweza kuwa chini ya ule wa bamvua kwa mita moja na zaidi. Mita moja ya kwenda juu, kwenye ufuko uliolala kama ule, ni hatua nyingi za kwenda mbele. Tulipofika ilikuwa mwezi pili, kilele cha bamvua. Kila siku iliyopita bahari ilikuwa inashusha kidogo mpaka wake, na sisi tulikuwa tunapanda kwenye ras kutazama mawimbi, hakuna hata mmoja aliyetazama mstari wa majani makavu yaliyoachwa na maji mchangani. Ulikuwa unaandika kila siku, umbali wa pua.

Hata saa za maji zilikuwa zimetukimbia. Bamvua kwetu hujaa kiasi cha saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni; ukielea saa hiyo unavuka na kufika mchana kweupe. Kila siku kujaa kunachelewa, na katika maji mafu kunaangukia saa tatu, saa nne asubuhi. Kwa hiyo hata kama mashua ingekuwa hatua 12 chini, tungeelea saa mbili, tukaingia mlangoni wakati kusi linapoamka, tukafika Mkoani jioni. Mtu anayepandisha chombo mchangani anakuwa amechagua pia saa yake ya kuondoka, apende asipende.

Bamvua la pili lilikuwa la mwezi mpevu, wiki moja mbele. Utabiri ulisema upepo unarudi Jumapili usiku.

Nilimuuliza yule mzee kwa nini siku ya kwanza alituona tumeipandisha juu vile na hakusema kitu, maana alipita, akauliza "Mwalala siku ngapi?", tukamjibu usiku mmoja, akasema "Haya, kheri."

"Kwa usiku mmoja palikuwa pahala pake," akajibu. "Mlibadilisha siku, hamkubadilisha pahala."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko yote. Jumamosi tulikuwa sahihi. Hata Jumatatu jioni, kama kalafati ingekwisha Jumanne, pengine tungeponea kwenye ncha ya maji ya Jumatano alfajiri. Uamuzi haukuharibika siku tulipoufanya. Uliharibika ukiwa umekaa, kama samaki. Na hakuna kengele iliyolia, kwa sababu sote tulikuwa tumejifunza kuwa bandarini ndipo hatari inapokwisha. Bandari haina ahadi hiyo. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ilipoipiga Unguja, vyombo vilivyovunjika vilikuwa vimetia nanga bandarini, na mikarafuu ya Unguja ikalala chini. Pemba ilinusurika, ndiyo sababu mpaka leo ukitaja karafuu unataja Pemba. Mzee wangu mmoja hupenda kusema utajiri wetu ulikuja kwa upepo uliotukosea njia.

Kushua

Ijumaa baada ya sala, mzee alisimama nje ya msikiti akasema maneno machache. Saa tisa alasiri, maji yamepwa na mchanga wa chini ni mgumu, walikuja wanaume 22. Mimi nilidhani tutangoja maji yajae ndipo tuvute. Kumbe ni kinyume: chombo kinavutwa maji yakiwa chini, kwenye mchanga ulioshikana, kinateremshwa mpaka chini ya mstari wa maji mafu, kinaachwa hapo, na maji ya usiku yanafanya yaliyobaki. Tulishusha mifuko yote ya farumi na mashine. Magogo ya minazi yakatandikwa mbele, kamba mbili ubavuni, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, na kwenye itikio mashua inasogea dhiraa moja. Aliye nyuma anaokota gogo lililobaki anakimbia nalo mbele. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Hakuna aliyetaka pesa. Tuliwapikia wali wa nazi na samaki, na mzee alikula kidogo akasema chumvi imezidi.

Kabla ya giza nahodha alipeleka nanga mbali upande wa bahari, amari, kamba ya nanga, ikavutwa mpaka ikakaza. Tukakaa ndani ya mashua tukingoja. Saa tatu na nusu usiku ubao wa chini uligonga mchanga mara moja, pole, kama mtu anayebisha hodi na hataki kuamsha watoto. Ukagonga tena. Kisha tezi ikajitingisha upande, na ghafla kitu chote kilichokuwa kizito wiki nzima hakikuwa na uzito. Kijana wetu mdogo alikuwa amelala. Tulimwacha.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tulitoka, na jahazi moja na ngalawa tatu mbele yetu. Upepo mwembamba wa kusi, wimbi refu la kivivu. Nahodha, na hapa nampa haki yake, hakuelekeza omo Mkoani. Alielekeza kusini yake, kwenye kisiwa cha Panza, akauacha mkondo utusogeze kaskazini taratibu. Saa sita na nusu tulikuwa tunatua tanga Mkoani. Nilifua ndoo sita njia nzima, na mbili kati yake ni za maji ya kunywa yaliyomwagika.

Mimi na mtoto wa ami hatujakubaliana mpaka leo kuhusu Jumatatu. Anasema mbele palikuwa panatulia, tungefika, tusingelipa kalafati wala nauli ya kabati wala wiki nzima Nungwi. Akianza huwa simjibu. Nafungua daftari ukurasa wenye madoa ya chumvi, penye mistari ya ndoo niliyoichora nikiwa nimelishika kwa magoti, mitano mitano, mafungu manane, nalisukuma upande wake wa meza.